Tulienda kuzoa taka Mosocho, wakatunyima maganda: tulivyoishinda kampuni kubwa

Wakuu, natumai mko poa.

Leo nimeleta story ya ushindi, maana humu kila siku ni vilio vya biashara iliyokufa. Nitakayosimulia nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyanusa kwa pua yangu mwenyewe. Sijatia chumvi.

Mimi ni mtu wa upande wa ziwa. Nilikuja Kisii town kuuza viatu vya mitumba, nikazoea, nikakaa. Biashara ilipolala, niliungana na Nyaboke, mama aliyekuwa akishona nguo karibu na kibanda changu, tukaanzisha kampuni ya kuzoa taka. Yeye ni mzaliwa wa Marani, huku huku Kisii. Tulikuwa na pikapu moja iliyochoka na vijana wachache wa kazi.

Kaunti ikatupatia eneo la Mosocho, nje kidogo ya mji, kwa majaribio. Tuzoe taka za soko na za nyumba za karibu, halafu wakazi waitwe mkutano waamue kama tubaki. Wakitukataa, eneo linaenda kwa kampuni moja kubwa ya Nairobi yenye lori la kushindilia taka.

Nyaboke alikuwa ameuza cherehani zake ndiyo tupate ile pikapu. Tukitimuliwa, hana pa kurudi.

Sasa sikieni ujanja wetu. Tuligawa magunia, kila nyumba ikilipa ada ndogo, tukawaambia watu watie kila kitu humo: maganda, chupa, makopo, vyote. Maganda tungeyageuza mbolea tuwauzie wakulima. Kwenye karatasi ilikuwa plan tamu sana.

Magunia yakaanza kuja.

Mepesi. Nusu tupu. Ndani hakuna ganda hata la kiazi. Kile kiwanja tulichokodi cha kutengenezea mbolea kilibaki kitupu, kuku wa jirani wanatembea tu.

Mimi nikaamua hawa watu wanatupa taka mtoni kisirisiri. Na jamaa mmoja wa ile kampuni kubwa alikuwa akizunguka sokoni akiwauliza watu kwa nini wanalipia magunia yasiyojaa. Wakuu, hasira ikanipanda.

Nikaomba nafasi kwenye baraza la chifu. Nilihutubia mimi. Nikaongea mambo ya mazingira, mambo ya magonjwa, mwisho nikauliza kwa ukali maganda yanaenda wapi.

Akasimama Mama Moraa. Huyu ni mama wa sauti nzito, anakaanga mandazi pale sokoni na ni shemasi katika kanisa la Wasabato.

"Kijana, maganda ni ya migomba yangu," akasema. "Mimi siwezi lipa mtu abebe mbolea yangu, alafu kesho anirudishie akiniuzia. Wewe beba ile kitu migomba imekataa."

Watu walicheka, chifu akacheka. Nikakaa chini nimeiva kwa aibu.

Kumgeukia Nyaboke anitetee, nakuta amejifunika uso na leso, mabega yanatikisika kwa kicheko. Kumbe hata kwao Marani maganda hutoka jikoni moja kwa moja hadi kwenye migomba nyuma ya nyumba. Alijua hilo tangu utotoni, lakini alidhani kampuni ni lazima ifanye vile kampuni za Nairobi hufanya. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema nilikuwa naongea kama mtu anayejua.

Baada ya baraza tulimfuata Mama Moraa hadi kwake. Nyuma ya jikoni kulikuwa na migomba, lakini mstari mmoja ulikuwa umekonda, majani ya njano. Akashika jembe akachimba hapo. Zikatoka karatasi za nailoni za miaka ile kabla hazijapigwa marufuku, chupa za soda, nepi, tabaka juu ya tabaka.

Akatueleza. Zamani kila kilichotoka jikoni kilioza, kwa hivyo vyote vilitupwa migombani. Vitu vya dukani vilipoingia, watu waliendelea kutupa palepale. Sasa alikuwa akivichomoa kidogo kidogo, anavisuuza kwa maji ya mvua, anavitia kwenye gunia letu.

Nyaboke akalifungua lile gunia, akaingiza kichwa chote.

"Hii haina harufu," akaniambia.

Nikamnyang'anya gunia nikanusa mwenyewe. Mwenye kujua hii kazi atanielewa. Mjini plastiki huja imepakwa ugali na mchuzi, na kuichambua na kuiosha ndiko kunakoua kampuni nyingi za recycling. Hapa watu walikuwa wametuchambulia jikoni kwao, bila semina, na mimi nimesimama kwa chifu nawagombeza.

Kiwanja cha mbolea tukakirudisha kwa mwenyewe. Tukapita nyumba kwa nyumba na tangazo jipya: maganda ni yako, tupatie kile migomba imekataa.

Mosocho ikachimbuka. Watu walitoa plastiki ya tangu enzi za babu. Majani ya migomba na mabua ya sokoni tukawa tunayapeleka kwa wakulima wenyewe. Mnunuzi wa plastiki akaja kutoka Kisumu, akatia mkono guniani, akauliza tunaoshea wapi. Nyaboke akamwambia hiyo ni siri ya kampuni. Jamaa akasema atachukua yote tutakayokusanya.

Siku ya mkutano ikafika. Kampuni kubwa ilileta lile lori, linang'aa, likaegeshwa kwenye lami kwa sababu vichochoro vyetu vya matope lingeviweza wapi. Jamaa wao aliongea Kiswahili safi kunishinda.

Kisha Mama Moraa akainuka na swali moja tu. Wanabeba nini?

"Sisi tunabeba kila kitu, mama."

"Hata maganda?"

"Hata maganda," akajibu kwa fahari.

Mama Moraa akaketi. Jamaa akatabasamu, akidhani amemaliza kazi.

Chifu alipoitisha mikono ya wanaotutaka sisi, wakuu, ilipanda hadi nikashindwa kuona watu wa nyuma. Nyaboke alilia pale pale mbele ya watu, na mimi sikuwa mbali.

Leo tuna pikapu ya pili, na watu wa Sironga kule Nyamira wametuita. Tulipofika kwao, kitu cha kwanza tulichofanya ni kuomba kuonyeshwa nyuma ya jikoni.

Nilichojifunza: kampuni binafsi ikiingia mahali, iulize kwanza watu wanafanyaje usafi wao, ndipo igawe magunia. Nilidhani nimewaletea usafi. Kumbe walikuwa wananisubiri nibebe uchafu wa madukani tu.

Juzi Mama Moraa alinipa mche wa mgomba, nikaupanda nyuma ya nyumba ninayopanga. Akaniambia sasa naweza kuacha kumpa Nyaboke maganda yangu apelekee migomba ya kwao Marani.

Haya, mnaofanya hii kazi kwingine, kwenu gunia linanuka au halinuki? Semeni ukweli, uwanja ni wenu.