Swali Nililomuuliza Mama wa Marehemu

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, nilikuwa nauza mitumba Sakina, na mdomo wangu ulijulikana hadi Daraja Mbili. Labda ndiyo maana waliniita niwe mzee wa baraza: raia watatu tunakaa na jaji kwenye kesi ya mauaji, tunasikiliza, tunauliza, kisha kila mmoja anatoa maoni yake. Wenzangu walikuwa wazee wawili, Wameru kama mimi.

Mshtakiwa alikuwa amemkata mdogo wake kwa panga. Mdogo aling'oa kahawa ya baba yao apande nyanya za kupeleka Nairobi, wakagombana. Daktari alitaja majeraha: kichwani, shingoni, mkono umening'inia kwa ngozi. Mshtakiwa akajitetea kwamba marehemu ndiye aliyemjia na silaha. Ikiwa kweli, anaachiwa. Ikiwa uongo, kitanzi.

Mama yao mzazi aliona yote. Akitoa ushahidi alisema tu, "Alikuja ameshika kitu."

Kitu? Lingekuwa panga angelitaja. Sisi wa mlimani, ukimkosea ndugu yako unamwendea na jani la sale mkononi kuomba radhi, naye hata awe na hasira vipi, hakugusi. Wenzangu walijua vilevile. Mmoja alinikanyaga mguu chini ya meza, akanong'ona, "Mwachie mama huyu mtoto aliyebaki."

Nikauvuta mguu wangu. Aliyekatwakatwa naye alikuwa mtoto wa mtu.

"Shikamoo mama," nikasema. "Alishika nini?"

Alimtazama mwanawe kizimbani.

"Sale," akasema. "Alikuwa amepiga magoti."

Jaji, mtu wa pwani, akataka kujua maana yake. Mzee yule yule akamweleza, kichwa chini.

Wazee wote wawili walisema aliua bila kukusudia. Mimi nilisema alimuua mtu aliyekuja kuomba msamaha, tena akijua. Jaji hafungwi na maoni yetu, lakini siku ya hukumu alitamka kunyongwa.

Nje, mama yule alinifuata. Nilidhani analia. Alinipiga ngumi ya mdomo, akarudia, jino likalegea.

"Nilizaa wawili," akasema. "Wa pili umenifanya nimnyonge mwenyewe."

Askari akamdaka mkono. Nikamwambia amwache, maana alilosema lilikuwa kweli tupu, na bado ningemuuliza tena.