Mwendo wa Duara

Swali ninalolichukia kuliko yote ni hili: "Ukimaliza hiyo fizikia, utakuwa nani?" Ameniuliza padri, ameniuliza muuza dagaa, ameniuliza hata kinyozi wembe ukiwa shingoni mwangu. Anayesomea udaktari haulizwi. Jibu nilikuwa nalo: nilitaka kazi ya kupima mionzi hospitalini, kuhakikisha mashine inachoma uvimbe na si mgonjwa. Lakini chuo chetu kidogo kilikuwa na ushauri wa aina mbili tu, ualimu au subira, na maabara ambayo nusu ya vifaa vyake vilibandikwa karatasi ya "usiguse".

Likizo ya mwisho nilipitia Kharumwa kumsalimia mjomba, kaka yake mama, mwenye shimo la dhahabu. Heri nisingepita.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Eti huko chuoni mnasoma na duara?"

"Sana tu. Mwendo wa duara tulianza nao mwaka wa kwanza."

Darasani duara ni mviringo. Kwa wachimbaji duara ni shimo la dhahabu, na mimi, mzaliwa wa kanda hii hii ya dhahabu, nilisahau niko kwa nani. Chai haijapoa, mjomba ameshatangaza mtaa mzima kwamba mpwa wake amesomea maduara hadi chuo kikuu.

Kesho yake nikasimamishwa mdomoni mwa shimo, wachimbaji wamenizunguka, wanasubiri niwaonyeshe dhahabu imeelekea wapi. Nikawaeleza kosa lilikotokea. Nani asikilize? Basi nikatazama nilichoweza kukitazama: magogo ya kuegemeza kuta yamepinda, udongo umelowa, na mawe yamelundikwa ukingoni kabisa.

"Dhahabu siijui," nikasema, "ila ukuta huu utaanguka. Watoe watu."

"Nakuuliza dhahabu, unanijibu udongo!" mjomba akafoka. "Si bora hata ungesomea ualimu!"

Wachimbaji wakaangua kicheko. Niliondoka bila kuaga. Sijawahi kumchukia ndugu yangu kama siku ile.

Mvua ikanyesha, nikasikia ukuta umeanguka mchana, bahati nzuri watu wote wako juu wanakula ugali. Nikadhani sasa wameelewa. Magogo, maji, uzito; mwenye macho yeyote angeona.

Sasa nimehitimu, niko nyumbani Shinyanga. Nimeomba kazi kila hospitali ninayoijua, na hakuna iliyonijibu hata kwamba nafasi hazipo. Jumamosi iliyopita bodaboda ikasimama mlangoni. Dereva akanikabidhi kuku mweupe aliyefungwa miguu, pamoja na salamu: wachimbaji wa Kharumwa wananihitaji, wameshanijengea na kibanda. Mjomba amewaambia mimi ni mfumu, yule mganga anayesoma matumbo ya kuku na kuona yajayo, na kwamba kipaji nimerithi kwa babu.

Nilitukana mpaka dereva akaomba radhi kwa kosa lisilo lake. Miaka yote ile ya hesabu, halafu niambiwe nimepiga ramli!

Mama akamchukua kuku, akamfungua kamba, akamwekea maji.

"Hospitali wamesemaje, baba?" akaniuliza.

"Hawajasema kitu."

Akamtazama kuku anavyokunywa.

"Basi hawa waliokuita," akasema, "tuwajibu nini?"