Kaka wa Chumba cha Nne

Nnaalongo wa Kyaliwajjala alikuwa na vyumba sita vya kupangisha, vimejipanga nyuma ya nyumba yake kama meno ya chini, na hakuna aliyelala humo bila kujua mwenye nyumba ni nani. Mgeni wako akibisha hodi, Nnaalongo ndiye wa kwanza kumsalimia, na salamu haiishi mpaka mgeni ataje kijiji cha bibi yake. Jina la Nnaalongo alilipata kwa kuzaa pacha, Babirye na Nakato. Vyumba alivipata kwa ubishi. Mumewe, marehemu Kajubi, alipofariki, shemeji zake walimleta mpima viwanja kabla matanga hayajaanuliwa. Aliwapa chai, wakanywa, kisha akawaonyesha njia. Miaka tisa hawakukanyaga tena.

Sasa Babirye akapata mchumba, na kwa Waganda binti huozwa na ukoo wa baba yake. Nnaalongo akameza kiburi, akatuma mtu kwa shemeji mkubwa. Jibu likarudi siku ileile: si amevipenda vyumba kuliko ndugu wa mume, basi vyumba hivyo na vimwozee binti.

Maneno yale yalimwasha kama upupu. Siku ya tatu akapita mlango kwa mlango.

Mwalimu Tumwine wa chumba cha kwanza, Mkiga, akapewa usemaji, kwa kuwa alishazoea kusema bila kusikilizwa. Mama Chandia, mwuza chapati kutoka Arua, akawa shangazi; alisema umbo analo tayari, bado gomesi tu, lile vazi la kike la Kiganda. Na Okiror wa chumba cha nne, Mteso, fundi pikipiki, akawa kaka wa binti. Hicho ndicho kiti kizito. Kaka ndiye anayepokea jogoo kutoka kwa bwana harusi, na jogoo asipopokewa, hakuna aliyeoa wala aliyeolewa.

Wiki nzima aliwafunza jioni uani. Wakajua wao ni ukoo wa Senene, wakajua jina la babu na mahali alipozikwa. Jambo moja hakuwaambia: kwamba mtu wa ukoo wa Senene hali senene. Mtoto wa Kiganda hafundishwi hilo, kama asivyofundishwa kutojing'ata kidole.

Na ule ulikuwa mwezi wa Novemba, panzi hao wanapojaa kila kikaangio.

Siku ikafika, turubai mbili zikatazamana, wageni wakaingia na vikapu. Tumwine alisema vizuri mpaka akasikilizwa. Nnaalongo alikuwa ndani nyuma ya pazia la dirisha, maana mama wa binti siku hiyo hana mdomo, na kwake hiyo ilikuwa adhabu tosha. Aliwatazama wapangaji wake ndani ya kanzu za kuazima, akaona kweli wamefanana na ndugu.

Ndipo msemaji wa upande wa pili, mzee mwembamba aitwaye Ssebowa, akasogea na jogoo kwapani. Akasimama ghafla.

"Shemeji, unatafuna nini?"

"Senene, mzee," Okiror akasema, akatoa kifuko kwenye mkono wa kanzu kwa adabu zote. "Karibu. Wana kitunguu."

Shingo zikanyooka chini ya turubai zote mbili.

"Binti ni wa Senene, nawe ni kaka yake," Ssebowa akasema polepole. "Sasa hapo unamla nani, bwana? Shangazi?"

Mama Chandia akainamisha kichwa. Mzee akamrudisha jogoo kwapani, akatangaza kwamba hakuja kumpa kuku mpita njia. Kaka wa kweli aletwe, au vikapu virudi garini. Bwana harusi akaanza kujifuta shingo.

Nnaalongo aliuma ukingo wa gomesi yake. Babirye alikuwa amepiga magoti katikati ya mkeka, na Ssebowa akamgeukia: mtu huyu ni nani wako? Mama akachungulia, akamkonyeza kwa nguvu zote adanganye, aseme huyu ni mtoto wa baba mdogo aliyelelewa Soroti. Babirye hakutazama dirishani.

"Ni mpangaji wetu," akasema. "Ukoo wa baba uliitwa, haukuja. Huyu alikuja. Miaka minne nikichelewa anakaa barazani kwake mpaka nirudi, halafu asubuhi ananichongea kwa mama. Bwana harusi mwenyewe ameshafukuzwa naye mara mbili, na spana mkononi. Kama huyo si kaka, mzee, niambie kaka ni yupi."

Macho yote yakaenda kwa bwana harusi. Akasema ni mara tatu.

Baba yake ndiye aliyeanza kucheka, na alipoanza hakuna aliyeweza kujizuia. Akamwambia Ssebowa ampe mtu kuku wake, jua linakuchwa na watu wana njaa. Ssebowa akatoa jogoo, ila akataka faini: kifuko kile. Yeye ukoo wake mwingine, akakila palepale akilalamika kuwa chumvi haitoshi.

Nnaalongo hakuweza tena. Akafungua pazia, mila ikae pembeni.

"Okiror, jogoo umempokea?"

"Nimempokea, mama."

"Haya. Nenda kanawe mdomo, mwanangu, unaniaibisha mbele ya wakwe."