Gari Lililokaa Safi

Kwetu Mkomani, mtaa wa kisiwa cha Amu, punda wawili wakikutana kichochoroni, mmoja hana budi kurudi nyuma. Gari halina kazi huko. Mtu wa Amu akinunua gari hulilaza ng'ambo, Mokowe, naye hupanda boti kurudi kwake, akawa na mali asiyoiona ila akivuka maji. Ndivyo tulivyo mimi na kaka yangu, na mpaka leo nikishuka gati ya Mokowe huona uzito kulitazama lile gari letu.

Tulilinunua kwa ajili ya mama. Alikuwa na kishamba huko huko ng'ambo, kijiji cha Hindi, alichokipata kwa kuuza bangili zake mwenyewe, akapanda minazi ya ile aina fupi inayozaa mapema. Miche aliichagua yeye, na mashimo yalichimbwa akisimama hapo hapo, buibui amelikunja mkononi, akiwagombeza wachimbaji. Kisha nyonga ikamshika. Pikipiki ikawa haiwezekani, na pikapu za kukodi zilimrusha mpaka akawa anarudi nyumbani analia. Akaacha kwenda. Baada ya hapo likaja la macho. Daktari alituambia mbele yake kwamba ni presha ya macho, kwamba dawa ingechelewesha tu, na kwamba kinachopotea hakirudi. Mama akasema neno ambalo hakulibadilisha tena.

"Basi nipekeni nikaione minazi yangu ikizaa, ningali na mato."

Ndipo tukaanza kutafuta gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, maana njia ya kutoka lami hadi shambani ni udongo mweusi ambao mvua ikinyesha humvua mtu kiatu na kukimeza.

Sisi magari hatuyajui. Tunachojua ni kuposa. Basi tukalichagua gari kama watu wanaoposa: limetoka kwa nani, lilikuwa likilala wapi, limewahi kuugua nini, na kama ni zuri hivyo, kwa nini wenyewe wanaliacha? Kaka alimhoji kwa simu muuzaji mmoja wa Malindi hadi yule bwana akauliza kama anazungumza na polisi. Mama alikuwa akitusikiliza kutoka kitini kwake.

"Hilo gari mwalinunua au mwalioa?" alituuliza.

Yakabaki mawili. La kwanza lilikuwa kuukuu, la dizeli, mlango mmoja rangi yake mbali, lakini kila fundi alijua kulifungua na vipuri vyake vilipatikana Mpeketoni. La pili lilikuwa jeupe, safi, viti vyake vingali na nailoni. Tulimwendea fundi wa gereji pale Mokowe, mtu wa bara mwenye maneno ya haraka, atupimie.

"Hii mzee itawasumbua kila mwezi, lakini ni vitu vidogo vidogo," alisema. "Hii nyeupe haitawasumbua. Lakini siku ikiharibika, madam, mtalia. Gia boksi ya hii hamtapata hapa. Ikiingia maji, hiyo ni ya kuagiza."

Akatutajia bei ya kuagiza. Kaka alikaa kitako juu ya tairi.

Mama alilitaka lile kuukuu. "Lishazoea tabu," alisema. Sisi tukamjibu kwamba mtu mwenye nyonga mbovu hapandishwi gari la kukwama kila siku, tukachukua jeupe. Uchaguzi huo siujutii, niseme kweli. Ni gari imara na halijatuaibisha hata mara moja. Ninachojutia ni lile neno la fundi, "mtalia", jinsi tulivyolibeba tukavuka nalo maji na kulilea nyumbani kama mtoto.

Kaka anafanya kazi bandarini, ng'ambo hiyo hiyo, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mlezi. Alilijengea banda la makuti. Alilipasha moto injini kila wiki, akaliosha chumvi kwa maji matamu, yale yale ambayo sisi mjini tulikuwa tukiyapigania ndoo kwa ndoo. Nami sikuwa nyuma. Nilikataa nailoni isitolewe vitini. Nilikuwa nikimkagua kila anayepanda, nyayo na mkoba, kama ninavyokagua kucha za watoto darasani. Mama, kuepuka kelele zangu, akazoea kuvua viatu kabla ya kupanda, akiviweka mapajani safari nzima. Watu wa gatini walicheka. Mimi niliona ni adabu.

Shambani hatukwenda. Mvua ikinyesha tulisema matope. Mvua ikikatika, tulisema udongo umekauka na mabonde yake, utapasua chini ya gari. Halafu zikaja habari kwamba greda itapita kusawazisha ile njia, na hapo tukapata kisingizio kilichotutosha misimu kadhaa. Tungoje greda. Kukodi gari la mtu nako tuliona haya. Tungejibu nini tukiulizwa lile letu lina nini? Tulimpeleka mpaka lami inapoachana na njia ya shamba. Hapo kaka alisimamisha gari, mama akashusha kioo, akaelekeza uso upande minazi iliko, kisha tukageuza. Tulifanya hivyo mara nyingi, na kila mara nikijiambia leo tumemfurahisha.

Mtunza shamba alipotuma madafu ya kwanza, mama hakuyanywa. Alisema atayanywa mtini pake. Nikamwambia mama, acha ukaidi, dafu ni dafu.

Kisha asubuhi moja niliingia chumbani kwake na chai, dirisha wazi, jua limejaa ukutani. Akauliza, "Nani?" Nilikuwa nimesimama mbele yake. Niliiweka chai chini nikampigia kaka simu, nikamwambia mama haoni tena.

"Nitakuja Jumamosi," alisema. "Twende."

"Mvua hii?"

"Twende."

Greda ilikuwa haijapita. Ilikuwa masika, na njia imekuwa uji mweusi. Kaka alishika usukani kwa mikono miwili, mimi nimeshika kiti cha mbele, ninasoma kila dua ninayoijua. Na gari likapita. Halikuteleza, halikutoa moshi, halikusita hata kwenye lile dimbwi tulilokuwa tukiliogopa kuliko yote. Tulifika kabla dua zangu hazijaisha. Laiti lingekwama! Ningekuwa na la kujitetea. Lakini lilipita kirahisi, kama lilivyokuwa tayari kupita tangu siku ya kwanza, mama angali na macho yake.

Tulimshika huku na huku mpaka kwenye mnazi wa kwanza. Aliupapasa kuanzia shinani, akapandisha mkono hadi akaligusa kole la madafu, akayashika moja moja.

"Ni ya kijani au ya manjano?" aliuliza.

"Ya manjano, mama."

"Nilitaka ya manjano," alisema.

Mtunza shamba alimkatia moja, mama akalinywa akiwa ameegemea shina, maji yakimtiririka kidevuni. Kaka alikwenda kusimama mbali kidogo, akatugeuzia mgongo. Mimi nilibaki, nikamwelezea mti mmoja mmoja, na sijawahi kuona maneno yangu maskini kama siku ile.

Tuliporudi garini, mama alishika mlango, akainama kuvua viatu. Kaka alichutama upesi, akamrudishia miguuni, matope na yote.

"Panda navyo, mama."

Akaupitisha mkono mlangoni, ukatoka umejaa udongo. Akavisugua vidole vyake.

"Hivi gari letu rangi yake gani? Nimesahau."

"Jeupe," nikamjibu.

"Na yeo?"

Nilitazama. Udongo ulikuwa umelipanda hadi paa. "Leo rangi siioni, mama. Ni matope matupu."

"Haya," akasema, akipanda na viatu vyake. "Basi yeo sote hatuioni."

Akacheka. Alicheka peke yake, mpaka tulipofika lami.