Mafuta ya Papa kwenye Breki

Watu husema ajali haina kinga. Nimekuwa fundi wa magari Mtwara tangu ujana wangu, na msemo huo unanichefua. Ajali nyingi nilizoitiwa zilikuwa na kinga, ila kinga yenyewe ilikuwa imelegea, imelika au imelowa, na hakuna aliyeinama kuitazama.

Miaka ya sitini ikielekea mwisho, ghala moja la korosho karibu na bandari lilikuwa na kigari cha betri. Hakikuwa na kiti wala mlango. Kilikuwa jukwaa la chuma lenye magurudumu, betri tumboni, dereva akisimama mbele. Kilibeba magunia kutoka ghalani hadi gatini, kwenye mteremko, na kilikwenda kimya. Mimi niliyezoea malori yanayokohoa sikukipenda hata siku moja, lakini fundi mwingine hakuwapo, basi nikakijua kwa lazima.

Jumamosi moja asubuhi kiliteremka na mzigo kisisimame. Kikambana mpakizi mmoja ukutani, akiwa amekipa mgongo. Hakukisikia. Alikufa kabla ya kufikishwa hospitali. Alikuwa mtu wa Mikindani, kazi yake ya zamani kupaka mashua mafuta, na rafiki mkubwa wa dereva yule yule aliyemgonga.

Dereva alikuwa Mmakonde aliyevuka Ruvuma kukimbia vita vya Mreno, akafikia Mahurunga, upande wetu wa mto, kwa jamaa zake kabla ya kuja mjini. Wapakizi wote walisema neno moja: tulimwona, mguu wake ulikuwa juu, hakukanyaga breki. Adhuhuri haijafika, yuko mahabusu. Wakaanza na ya pembeni, kwamba watu waliotoka vitani damu ya mwenzao si kitu kwao. Maneno hayo yaliniuma, nami si mtu wa kuficha hasira. Niliwaambia ni wapumbavu. Kwenye kigari kile mambo ni kinyume cha lori. Ukikanyaga, kinakwenda, ukiinua mguu, umeme unakatika na springi inabana breki yenyewe. Mguu juu ndiyo breki. Walichokiona ni mtu anayejitahidi kusimama.

"Basi mbona hakikusimama?" msimamizi wa ghala aliniuliza.

"Hilo ndilo sijui. Nipe kigari."

Nilichomoa nyaya za betri kwanza, maana umeme hauna adabu, kisha nikakiinua kwa jeki na kuyazuia magurudumu kwa magogo. Springi ilikuwa na nguvu zake. Fimbo za kuvutia breki zilicheza vizuri, hazikukwama wala kupinda. Nikafungua dramu, lile bakuli la chuma ndani ya gurudumu ambalo breki hulibana. Lainingi, vile vipande vya breki vinavyosugua dramu, zilikuwa nene, karibu mpya, lakini zimelowa na zinang'aa. Nikadhani grisi ya ekseli imevuja. Nikanusa, haikuwa grisi. Nikaweka lainingi moja juu ya jiko la mkaa, na karakana nzima ikanuka papa.

Mtu wa pwani haulizi mara mbili harufu hiyo. Ni mafuta ya maini ya papa, yanayopakwa mashua ili mbao zisiharibiwe na maji ya chumvi. Kwenye mbao ni dawa. Kwenye breki ni kaburi.

Nilikwenda polisi, nikaruhusiwa kumwona dereva.

"Nani alikipaka kigari mafuta ya papa?"

Aliinamisha kichwa. "Mwache alale, fundi."

"Nakuuliza nani."

"Si unamjua. Kila Ijumaa akitoka msikitini anakuja na chupa yake na makumbi ya nazi, anakipaka chini. Anasema chumvi itakimaliza. Ijumaa hii kaona kutu kwenye magurudumu, kapaka na ndani. Mimi nikamtania, nikamwambia unalipenda gari kuliko mkeo. Akacheka. Nnungu anajua, sikufikiri breki."

Nikainuka. Akanishika shati.

"Usiseme, fundi. Mimi nimeshakimbia kwetu, hata humu naweza kukaa. Yeye ana mke, ana jina lake. Waache wamlilie vizuri."

Nilimkasirikia pia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na huyu alikuwa anaigawa haki yake kama sadaka. Niliwaita msimamizi na askari, nikawaonyesha dramu, nikawapashia lainingi moto wanuse wenyewe. Nikafunga lainingi mpya, nikaosha dramu kwa petroli, nikapakia magunia na kukiteremsha kigari mwenyewe. Nilipoinua mguu kilisimama palepale, katikati ya mteremko. Dereva akaachiwa. Niliona nimefanya kazi yangu sawasawa, na mpaka leo naona hivyo.

Siku iliyofuata tulikwenda Mikindani, msibani. Wapakizi waliokuwa kwenye mkeka walimsogelea dereva wakampa mkono, mmoja mmoja, bila kumtazama usoni. Mjane alikuwa eda, nyuma ya pazia. Habari zilikwisha kumfikia nusunusu, kwamba dereva hana kosa, kwamba breki zilikuwa na mafuta.

"Mafuta gani, shemeji?" aliuliza.

Dereva alinitazama. Sikumsaidia.

"Ya mashine tu, shemeji," alisema. "Mashine huvuja."

"Usinidanganye nikiwa eda. Wamesema karakana nzima ilinuka papa. Maini niliyachemsha mimi, kwenye chungu changu. Nyumba ilinuka, nikamgombeza, naye akasema nivumilie, gari la rafiki yake linaliwa na chumvi."

Kisha mkono wake ukatokea chini ya pazia, umeshika chupa iliyojaa nusu.

"Hii aliiweka ya Ijumaa ijayo. Chukueni. Kuimwaga siwezi, na kukaa nayo ndani siwezi."

Dereva aliipokea kwa mikono miwili. Kizibo chake kilikuwa kipande cha kanga, kimefungwa vizuri ili isivuje.