Ubao wa Kitanda cha Maitu

Mashine yangu ya CNC, ile ya kuchonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta, haijui kusoma. Nalisema mapema kwa sababu watu wa Gitothua wanaokuja kuagiza mabango na misalaba hudhani ina akili, na wengine huiogopa kidogo. Haina akili. Ina biti, kile kisu chembamba cha kuchongea, inayozunguka na rimoti yenye kioo kidogo, na hufuata njia iliyohifadhiwa kwenye faili, hata kama njia hiyo inaelekea mahali ambapo mtu yeyote angesimama na kuuliza.

Kazi nyingi ninayopata ni misalaba ya makaburi. Familia huleta jina, nami nalichonga juu, na chini yake KUZALIWA na KUFARIKI. Maneno makubwa nayahifadhi katika faili yake na tarehe katika faili yake, kwa sababu tarehe hukatwa kwa biti nyembamba na mashine haitambui ni biti gani umeifunga. Mambo kama hayo nayazingatia sana. Mke wangu husema ningezingatia ndoa hivyo tungekuwa tumefika mbali.

Binti yetu alipoanza kujifunza kusoma tuliamua apate kitanda chake mwenyewe, chenye jina lake kwenye ubao wa kichwani. Ana jina la mama yangu, kwa kuwa kwetu Wakikuyu binti wa kwanza humrudisha mama wa baba. Ndiyo maana mimi humwita Maitu, yaani mama, na ananijibu bila kucheka. Majina yetu huzunguka hivyo, bibi kwa mjukuu, mpaka ukiita jina moja sokoni wanageuka wanawake watano. Haikunishangaza basi kwamba wiki hiyohiyo nilikuwa nimechonga msalaba wa mama mmoja wa upande wa Kamakis mwenye jina hilohilo.

Herufi za msalaba ule zilikuwa zimetoka vizuri mno. Nikaona sina haja ya kuanza upya. Nikafungua faili yake, nikaacha jina, nikafuta maneno ya chini na kuchora maua mahali pake. Kwenye skrini ulikuwa ubao wa kitanda cha mtoto kabisa. Nikahifadhi, nikachomoa flashi.

Lakini picha ya kwenye skrini siyo njia ya biti. Ukibadilisha picha ni lazima uiambie kompyuta ipige hesabu ya njia upya. Usipoiambia, itahifadhi njia ya zamani kimya kimya, nawe utaondoka na faili unayodhani ni mpya.

Jumamosi mchana mama alikuja kutoka Thika kuona kitanda cha mwenzake, kama anavyomwita. Akaketi kwenye stuli kando ya mlango wa karakana, Maitu akasimama katikati ya magoti yake. Nikabonyeza rimoti. Jina likaanza kutokea kwenye ule ubao wa saiprasi, na kila herufi ilipokamilika mtoto aliitaja kwa sauti. Jina lilipokwisha wote wawili walipiga makofi, maana lilikuwa lao wote wawili.

Biti ikainuka, ikashuka chini, pale penye maua. Maitu akaendelea kusoma. K. U. Z. Nilidhani anabuni. Nikainama kutazama. Mashine ilikuwa ikikata KUZALIWA chini ya jina la mtoto wangu, polepole, kwa utulivu uleule wa kila siku. Mkono wangu ulikuwa na rimoti lakini haukufanya kitu. Neno likaisha. Biti ikahamia upande wa pili.

"K, U, F, A," akasoma Maitu. Kisha akaunganisha kama walivyomfundisha shuleni. "Kufa."

Hapo ndipo nilipobonyeza kusimamisha. Karakana ikanyamaza, na unga wa mbao ukawa bado unashuka.

Mke wangu alisikia ukimya akaja. Alisoma mara moja tu. "Hiyo kitu haiingii kwa nyumba yangu," akasema. "Ichome."

"Utachoma jina ya mtoto?" mama akamuuliza.

Mimi si mtu wa kuamini mambo hayo ya mikosi, na kanisani kwetu hatuyasemi, lakini nilitazama jiko la nje nikajua siwezi kuweka ubao ule motoni. Kuuacha nyumbani sikuweza pia. Nilikuwa nimemwandikia mtoto wangu nusu ya msalaba, na niliogopa kwamba kuna kitu kimeusoma pamoja naye.

Mama alisimama akaupapasa kwa vidole. "Hii jina nilikuwa nayo kabla yake," akasema. "Wacha imalize. Ni yangu."

"Mama, sitaki," nikasema.

"Sikukuuliza kama unataka."

Nikabonyeza. Mashine ikaendelea kutoka palepale ilipokuwa imeishia, ikamaliza neno. Mke wangu alimshika Maitu mkono akamtoa nje. Mama hakuondoka mpaka biti iliposimama, kisha akanyoosha kidole kwenye nafasi tupu chini ya KUZALIWA.

"Hapa hukaa mwaka," akasema. "Weka yangu. Ikikaa hivi bila mwaka, kifo itajuaje ni nani kati yetu?"

Nikarudi kwenye kompyuta. Nikaandika mwaka wake, nikapiga hesabu ya njia, nikaitazama ikipita kwenye skrini, nikaipiga tena. Nikahifadhi kama faili mpya. Nikafunga biti nyembamba. Tarakimu ya kwanza ilipoingia kwenye mbao mama alikuwa amesogea karibu sana, bila miwani ya kazi, akitazama kama mtu anayehakikisha fundi hamwibii.

Mwaka ulipokamilika alipuliza unga, akausoma kwa sauti, akaufunga ubao kwa leso yake aende nao Thika.

"Sasa haiwezi kukosea mtu," akasema.

Alikuwa akiningoja niseme kitu. Mtoto mwema angemkatalia, angeuvunja ubao ule kwa nyundo mbele yake. Mimi nilisikia Maitu akicheka huko nje na mama yake, na kifua changu kikalegea kwa furaha, na mama akaiona furaha hiyo usoni mwangu kabla sijaificha. Hakukasirika. Alinigusa shavu, kama vile alikuwa ameitarajia, akainua mzigo wake.