Shikamoo ya Ndani ya Handaki

Kama unataka kunicheka, nicheke sasa hivi umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, ndani ya treni ya umeme, abiria wamejaa. Sikuwa nimelala wala sikuwa na homa. Na wanaonijua hapa Masanze watakwambia kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Sukari nikitoka nayo dukani naipima upya nyumbani. Wa kudanganywa kirahisi si mimi, na ndiyo maana jambo hili linaniuma mpaka leo.

Nilikuwa natoka Dodoma kumchukua mjukuu wangu. Binti yangu anafanya kazi huko. Likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha, na msichana wa kumsaidia kaondoka bila kuaga. Akaniambia, "Mama, nenda naye, akianza kutembea nitakuja kumchukua." Alinikabidhi mtoto pale stesheni huku anageuza uso nisione machozi. Nikamwambia aende kazini kwa amani, mwanawe yuko mikononi mwangu. Neno hilo nalikumbuka sana.

Mtoto tulimpa jina la marehemu baba yangu, Semindu. Na kwetu, kama unavyojua, mtoto akibeba jina la mzee basi naye ni mzee. Mimi mwenyewe namwita baba. Watu wakimkuta mgongoni wanamwamkia, "Shikamoo babu," na aliyembeba anamwitikia kwa kisauti cha kitoto, "Marahaba wajukuu zangu, hamjambo?" Wanacheka, wanapita. Ni utani wa kila siku. Nani angeuogopa?

Nilichokuwa nakiogopa ni ile treni. Sisi tumekua na treni inayonguruma, ukiwa shamba unajua inakuja. Hii haina moshi, haina kishindo, ni nyaya tu huko juu, nayo inateleza kimyakimya. Mimi mtu anayeingia bila kupiga hodi simwamini, sembuse treni. Na abiria nao siwaamini. Tangu ilipokuja ruksa ya biashara na kila mtu kuuza chake, pale stendi ya Dumila nimeona dawa ya meno inayotibu mpaka macho, na nimeona mtu akipewa biskuti na jirani yake kwenye basi akaamkia hospitali hana hata viatu. Kwa hiyo nilikaa na mkoba chini ya miguu, simu kifuani, mtoto mapajani, macho pande zote.

Ndipo nikamwona mzee mmoja kwenye kiti kinachotazamana na changu. Sikumwona akipanda. Alikuwa mwembamba, shati lilikuwa jeupe zamani, na alikuwa peku. Miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu mbichi mpaka kwenye vifundo. Nikajiuliza, kwenye treni hii inayopigwa deki kila mara, huyu kapita wapi?

Lakini adabu ni adabu. Nikamwambia, "Shikamoo mzee."

Hakuitikia. Alinitazama tu, akatabasamu. Kwetu mzee asiyeitikia shikamoo ama ana kinyongo na wewe, ama kuna jambo. Nikasema moyoni, huyu ni tapeli, ngoja nimwone anaanzia wapi. Kweli, baada ya kitambo akatoa muhogo wa kuchoma kwenye jani la mgomba, akaninyooshea. Nikamwambia asante, nimeshiba. Akaurudisha pole pole, bila kununa. Mimi nikajipongeza. Nikajiona mjanja kweli.

Milima ya huku kwetu ilipoanza kusogea dirishani, yule mzee akainama mbele. Hakunitazama mimi. Alimtazama mtoto, akasema kwa heshima kabisa, kichwa chini, "Shikamoo baba."

Mdomo wangu ukajibu kabla sijafikiri, kwa kile kisauti cha kitoto. "Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo baba. Nimechoka tu. Na mimi naenda nyumbani. Utanipokea?"

Sasa wewe ungesema nini? Mtu akikuuliza hivyo unamjibu vipi? Nikajibu kama tunavyojibu sote. "Karibu sana, kwangu ni kwako."

Treni ikaingia handakini. Unajua masikio yanavyoziba pale. Dirisha likawa jeusi, taa za ndani zikabaki zinawaka, na watu wote nawaona, huyu anachezea simu, yule anasinzia. Sauti zao sizisikii. Ya yule mzee niliisikia vizuri, kama yuko sikioni mwangu.

"Wewe walikuita kwa jina ulipohamishwa," alimwambia mtoto. "Mimi hawakuniita. Kwangu palikuwa hapa hapa."

Nikamvuta mtoto kifuani. Maana nilijua anazungumza nini. Reli hii ilipokuja, kaburi la baba lilikuwa huko huko milimani, kwenye shamba letu la zamani, na tulilihamishia Masanze. Kwetu jembe haligusi kaburi mpaka mkubwa wa ukoo amwite marehemu kwa jina lake, amwambie, Semindu, amka, tunakupeleka mahali fulani, usibaki. Ukihamisha mifupa bila kumwita mwenyewe, umebeba mifupa tu. Baba mdogo alimwita baba mara tatu, tukamchukua. Pembeni yake palikuwa na kaburi jingine la zamani, mawe yamezama. Tuliulizana la nani, hata wazee hawakujua. Utamwita nani? Nalo lilihamishwa na watu wa reli, kimya kimya.

Tulipotokea kwenye mwanga, mzee aliinuka, akamwekea mtoto kiganja kichwani, akasema, "Asante baba." Akapita kuelekea nyuma ya treni. Mtoto hakulia. Alimfuata kwa macho, shingo imegeuka, na kule nyuma akaendelea kutazama hata baada ya mimi kutoona mtu.

Nilimwita dada mmoja wa sare anayehudumia abiria, nikamuuliza yule mzee wa peku amekwenda behewa gani.

"Mama, hili ndilo la mwisho," akasema. "Huko nyuma hakuna mahali pa kwenda."

Nikamwonyesha sakafu. Palikuwa na udongo mwekundu mbele ya kile kiti. Akasema ni wa viatu vya watu, akaenda kuchukua mopu.

Haya, tulifika Kilosa, tukafika nyumbani. Mtoto amekua, ana afya, sasa anakimbia na anasema kila neno. Isipokuwa shikamoo. Nimembembeleza, nimemgombeza, mjomba wake kamchapa. Wageni wakija wanasema tumemdekeza. Lakini kila jioni nikiwa nakuna nazi, anakwenda kwenye kigoda kilichoko mlangoni mwa jiko, anasimama mbele yake, ananyamaza kama anayesikiliza, halafu anasema kwa sauti nzito isiyo yake, "Marahaba."

Binti yangu alikuja kumchukua alipoanza kutembea, kama tulivyopatana. Walipanda treni asubuhi. Ilipofika handakini, mtoto alilala usingizi wa ajabu. Alikuwa anapumua, lakini haamki kwa maji wala kwa kutikiswa. Dodoma hospitali walimpima, hawakuona ugonjwa. Alirudishwa kwangu bado amelala, na alifumbua macho pale pale mlangoni mwa jiko. Binti yangu hajajaribu tena. Anakuja mwisho wa mwezi, anacheza na mwanawe, anaondoka analia, na mimi hanitazami usoni. Nimlaumu? Mtoto nilikabidhiwa mimi.

Baba mdogo anasema mwenyeji haondoki mgeni wake akiwa bado ndani, lakini dawa ipo na ni rahisi. Mgeni aitwe kwa jina lake, aambiwe kwake ni wapi, apelekwe. Rahisi! Jina nani analo? Nilimuuliza mtoto mwenyewe, kwa upole, "Baba, huyo mgeni wako anaitwa nani?"

Akafikiri, akanijibu, "Anasema na yeye anauliza."

Nilimwogopa yule mzee, lakini siku ile nilimwonea huruma pia, sitakuficha. Ila huruma haitanirudishia mjukuu.

Sasa nisikilize wewe unayesafiri na mtoto mwenye jina la mzee. Biskuti utazikataa, hilo nalijua, hata mimi muhogo niliukataa. Chunga mdomo wako. Mtu msiyemjua akimwamkia mtoto, usimwitikie, mtoto aachwe anyamaze, hata wakisema huna adabu. Na wewe mwenyewe ukisikia shikamoo nyuma yako, geuka kwanza umwone anayekuamkia.

Nakwambia hivi kwa sababu juzi, mtoto akiwa amelala ndani, nilikuwa peke yangu nachochea kuni. Mgongoni kwangu, upande wa kile kigoda, nikasikia kwa heshima kabisa, "Shikamoo mama." Mdomo wangu ulishaanza kufunguka. Nikauziba kwa mkono wenye majivu, nikakaa hivyo hivyo mpaka moto ukazimika.